Abiria Baada ya Mzigo

Msafiri anayeshuka Mavivi, kaskazini mwa mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, hukipima kiwanja kile cha ndege kama wasafiri wanavyopima viwanja popote. Kuna mahali pa kungojea pasiponyeshewa? Choo kina maji? Mzigo umekuja na ndege ileile? Nani kaomba pesa, na kwa karatasi gani? Anayeshuka Rughenda, kiwanja kidogo cha Butembo, huuliza yaleyale na mara nyingi hupata majibu mafupi zaidi. Manung'uniko hayo yakitolewa, maelezo mawili huja haraka: nchi ni maskini, na nchi iko vitani. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi kueleza jambo lenyewe. Historia ya viwanja hivi viwili inaonyesha kwamba kila mwenye nguvu aliyevihitaji alivipata katika hali aliyoitaka, tena upesi, hata katikati ya vita na ufukara. Ambaye hajawahi kuvipata hivyo ni abiria anayejilipia nauli. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini huduma ni mbovu, tuulize kwanza wanaosimamia viwanja hivi wamekuwa wakimjibu nani. Swali hilo ni la zamani kuliko viwanja vyenyewe.

Wabelgiji waliileta ndege Kongo kwa ajili ya dola lao. Shirika lao la ndege, Sabena, lilianzishwa mwaka 1923, na mwaka 1925 Edmond Thieffry alirusha ndege yake kutoka Brussels hadi Léopoldville kwa safari iliyochukua siku 51. Mtandao uliofuata ulishonwa kwa kufuata barua, maofisa wa utawala na makampuni ya madini. Pembe hii ya Kivu nayo ilikuwa na wateja wa aina hiyo. Butembo yenyewe ilikua kuanzia miaka ya 1920 kandokando ya kambi ya kampuni ya dhahabu iliyoitwa Minière des Grands Lacs, Beni ilikuwa makao ya utawala wa wilaya, na chini ya Rwenzori, upande wa Mutwanga, walowezi walipanda kahawa. Munande, yaani mwenyeji wa pembe hii, hakuhesabiwa siku zile kuwa abiria. Kutoka nje ya eneo lake kulihitaji kibali cha mtawala, na aliyesafiri mbali kwa kawaida alisafiri kwa miguu au juu ya lori, akipelekwa kazini. Aliyeshuka kwenye ndege alikuwa Mzungu aliyepokelewa na Mzungu mwenzake na kupelekwa kwenye nyumba ya Mzungu wa tatu. Hakuwa na haja ya ukumbi wa kungojea wala meza ya malalamiko, kwa sababu huduma yote ilikuwa imekwisha kupangwa kabla hajaruka. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kiwanja chenye njia ya kurukia na bila mahali pa mtu wa kawaida.

Uhuru haukuugeuza mtindo huo, ingawa ulibadilisha majina. Air Congo ilizaliwa mwaka 1961 ikawa Air Zaïre mwaka 1971, na mwaka uliofuata serikali iliunda Régie des Voies Aériennes, RVA, kusimamia viwanja vya nchi nzima. Macho ya RVA yalielekea Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na, kwa kiasi fulani, Goma. Beni na Butembo ziliachiwa makampuni madogo kama TMK ya Goma, yaliyorusha ndege zinazoweza kutua mahali pafupi na pabaya. Wakati huohuo watu wa Lubero, Butembo na Beni walikuwa wamekwisha kuingia katika biashara kubwa. Janet MacGaffey, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wafanyabiashara wa Zaire, alieleza namna Wanande walivyopeleka maharagwe, kabichi, vitunguu na viazi hadi Kisangani, na vingine vikaendelea hadi Kinshasa, bila msaada wowote wa maana kutoka kwa serikali. Biashara hiyo ilipita barabarani, na barabara zilikuwa zikioza. Air Zaïre, ambayo wananchi waliitania kwa jina la Air Peut-être, yaani shirika la labda, ilifilisika mwaka 1995. Ikumbukwe kwamba shirika hilo lilikufa kabla ya vita yoyote kubwa kuanza. Anayesema vita ndiyo iliyoharibu safari za anga za Kongo hana budi kueleza ule ufilisi ulitoka wapi.

Sasa tunafika mahali ambapo hoja yangu inajaribiwa kwelikweli, napo ni mji wa Butembo wa miaka ya 1990 na 2000. Hapa, kwa mara moja katika historia nzima, msafiri mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja. Patience Kabamba na Timothy Raeymaekers, watafiti wawili walioandika vitabu juu ya mji huu, wameonyesha jinsi matajiri wake walivyoshika kazi ambazo serikali iliziacha. Barabara zilitengenezwa kwa michango na kwa kazi ya mikono ya wananchi, desturi ambayo Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu mwaka 1966, aliipigania kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989. Kiwanja cha ndege nacho kilipata michango ya wafanyabiashara, na likatokea hata shirika lililobeba jina la mji, Butembo Airlines. Kwa mji uliosahauliwa na mji mkuu wake ulio zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa anga, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini tazama kilichojengwa. Tajiri wa Butembo alitaka afike Goma, Bunia au Entebbe siku hiyohiyo, fedha zake zikiwa salama kiunoni, ili apande ndege kubwa kwenda Dubai, Guangzhou au Jakarta kuagiza nguo, pikipiki na vipuri. Kukaa kwenye kiti kizuri Rughenda hakukumpunguzia gharama hata senti moja. Alichangia udongo uliogandamizwa, akauacha ukumbi. Hata alipokuwa mwenye nyumba, abiria alijifikiria kwanza kama mwenye mzigo.

Kwa sababu hiyo, ukiuliza uwanja wa kimataifa wa Butembo uko wapi, jibu la kweli ni kwamba uko Entebbe, nchini Uganda. Njia yake inashuka Beni, inafuata kilomita 80 hadi mpaka wa Kasindi, inavuka kwenda Mpondwe, inapanda Kasese na kuendelea kwa zaidi ya kilomita 400 hadi ukingo wa Ziwa Victoria. Njia hiyo imekuwa na huduma zake kwa miongo mingi: mabasi ya usiku, nyumba za wageni, wabadilisha fedha, mawakala wanaojua fomu ya uhamiaji inajazwaje na kontena la Mombasa limefika wapi. Ukumbi ambao mfanyabiashara hakuujenga nyumbani aliununua kwa Waganda kwa bei ya tiketi. Uamuzi wake ulikuwa na akili. Ni kosa kumlaumu mtu kwa kutumia mlango wa jirani ulio wazi wakati wake umefungwa na wenye funguo wako Kinshasa. Ila uamuzi wa matajiri uliwaacha wasio matajiri bila mtetezi. Mwenye sauti ya kudai choo, ratiba na mizani isiyodanganya alikuwa amekwisha kuondoka zake.

Vita ya mwaka 1998 hadi 2003 ndiyo inayoivunja kabisa hoja ya vita. Jeshi la Uganda lilipoingia, na kundi la RCD-ML la Mbusa Nyamwisi lilipoweka makao yake Beni, safari za anga ziliongezeka. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi ndege zilivyokwenda na kurudi kati ya uwanja wa kijeshi wa Entebbe na miji ya kaskazini-mashariki ya Kongo, zikibeba askari na bidhaa, na kurudi na dhahabu, mbao, kahawa na koltani. Tume ya Uganda yenyewe, iliyoongozwa na Jaji David Porter, ilichunguza kwa kirefu matumizi ya uwanja huo. Raeymaekers ameeleza upande wa pili wa hesabu: wafanyabiashara wakubwa waliwalipa waasi ushuru kabla ya bidhaa kufika, nao wakapunguziwa viwango. Kwa miaka mitano hivi, Beni ilikuwa na safari za kimataifa bila serikali ya taifa, bila jengo la abiria la kujivunia, na pengine ikiwa na ndege nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Mwenye bunduki na mwenye mzigo walipata kiwanja walichokihitaji. Mgonjwa wa kupelekwa Kampala alipata nafasi kama mzigo ulibakiza kilo.

Kuna wanaoyasoma mambo haya ya Butembo kwa furaha. Husema: kumbe watu wanaweza kujijengea kiwanja, basi serikali ya nini? Nawaelewa, kwa maana serikali waliyoijua ilionekana zaidi mezani pa ushuru. Lakini katika huduma za kiwanja kuna sehemu ambayo michango haiwezi kuinunua, nayo ni ukaguzi. Wananchi wanaweza kusawazisha udongo kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, ila hawawezi kumkagua fundi wa injini, kupima saa za rubani, wala kuzuia ndege iliyozidiwa uzito isiruke. Butembo iko juu, kwenye hewa nyepesi inayomlazimisha rubani atumie mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka, na njia ya Rughenda ni fupi. Mahali kama hapo uzito wa ziada ni suala la uhai. Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyopigwa marufuku, mwaka 2006, karibu kila shirika la Kongo lilikuwamo, na Butembo Airlines na TMK zikiwa miongoni mwao. Sababu iliyotajwa kwa nchi nzima ilikuwa udhaifu wa mamlaka ya usimamizi. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ya Busy Bee aina ya Dornier 228 iliruka kutoka Goma ikielekea Beni, ikaanguka juu ya nyumba za watu muda mfupi baada ya kuacha ardhi. Zaidi ya watu 20 walikufa, wengine wakiwa majumbani mwao. Huduma ya kwanza ambayo abiria anastahili ni ile asiyoiona, na hiyo haijengwi kwa harambee.

Umoja wa Mataifa uliongeza sura nyingine. Kikosi cha kuingilia kati, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kiliundwa kwa azimio la Machi 2013, na mauaji ya raia wa wilaya ya Beni yalipoanza Oktoba 2014 Mavivi ikawa moja ya kambi zake kuu. Wasomaji wa Tanzania wanalijua eneo hili kwa msiba wa Semuliki wa tarehe 7 Desemba 2017, ambapo askari wao 15 walipoteza maisha. Kwa abiria wa Beni, maana ya kambi hiyo ilikuwa kuona huduma mbili kwenye ardhi moja. Upande mmoja kuna ndege zenye orodha ya majina, ratiba, mizani inayofuatwa na taratibu za kumwondoa majeruhi kwa haraka. Upande wa pili kuna tiketi iliyoandikwa kwa mkono, saa ya kuondoka inayojulikana ndege ikionekana angani, na mzigo unaoweza kubaki. Ndege za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada hazikuuzwa kwa mwananchi, na sitaki kusema zingepaswa kuuzwa. Ninachokiona ni ushahidi: mvua ni ileile, udongo ni uleule, na waasi msituni ni walewale, lakini matokeo ni mawili. Kilichotofautiana ni kwamba abiria wa orodha alikuwa na ofisi iliyoulizwa asipofika.

Ushahidi ulio mkali zaidi ulikuja na Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, si mbali na Beni, ukaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Katika viwanja na vizuizi vya barabarani vilitokea vitu ambavyo wasafiri walikuwa wameviomba bure kwa miaka: ndoo za maji zenye bomba, sabuni, dawa ya klorini, vipima joto, watumishi waliovaa sare na kukaa kwenye nafasi zao toka asubuhi hadi jioni. Yaani maji yalifika kiwanjani siku abiria alipoanza kuogopwa. Sikusudii kudharau kazi ile, iliyogharimu maisha ya watu, akiwemo daktari Richard Mouzoko aliyeuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Lakini maji yale yaliwekwa ili kuilinda Goma, Kampala na Kigali dhidi ya mtu wa Beni. Tena hayakufunga mlango uliokusudiwa kufungwa, kwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Goma, Julai 2019, alitoka Butembo kwa basi na kupita vizuizi kadhaa. Mlipuko ulipokwisha na wafadhili walipoondoka, mipango ile ilikosa mwenyewe.

Turudi kwenye umaskini. Tangu mwaka 2009 abiria wa Kongo analipa ada iitwayo Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa ajili ya kuendeleza viwanja vya ndege, na jina lenyewe la kisheria la ada hiyo linataja maendeleo ya miundombinu. Juu yake kuna uhamiaji, usafi, na karatasi nyingine ambazo kila ofisi yenye meza kiwanjani huweza kuzibuni. Mtu anayelipa yote hayo kabla ya kuingia kwenye ndege ya viti 19 hawezi kuambiwa kwamba hakuna fedha ya kununua tanki la maji. Inawezekana kabisa kwamba makusanyo ya kiwanja kidogo hayatoshi kukijenga kiwanja hicho, na kwamba viwanja vikubwa lazima vibebwe na vidogo au vidogo na vikubwa. Huo ni mjadala halali wa mipango. Lakini mjadala huo unahitaji hesabu kubandikwa ukutani, kiwanja kwa kiwanja, ili anayelipa ajue fedha yake imelala wapi. Hesabu isipobandikwa, umaskini unakuwa kisingizio cha yule anayepokea.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye uzito wa moyo. Wilaya ambayo watu wake wamechinjwa mashambani kwa zaidi ya miaka kumi, wengi kwa mikono ya waasi wa ADF, ina haki gani ya kulalamikia viti na vyoo? Nadhani pingamizi hili linakosea juu ya kazi ya kiwanja. Barabara ya kwenda Goma ilikatika kadiri waasi wa M23 walivyopanda kaskazini: Bunagana mwezi Juni 2022, Rutshuru baadaye mwaka huohuo, Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024. Barabara ya Kasindi ilifikia kupitwa kwa misafara ya kusindikizwa na askari. Barabara zinapofungwa, kiwanja hakibaki tena kitu cha wakubwa. Anapanda ndege mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji, mwanafunzi wa mtihani, mtu anayekwenda kuzika. Kumkalisha juani kwa saa tano mtu wa namna hiyo, bila kumwambia ndege iko wapi, ni kumzidishia madhara ya vita kwa njia ya meza. Na ratiba, taarifa, kivuli na maji ni katika vitu vya bei ndogo kuliko vyote ambavyo serikali inaweza kumpa raia wa eneo la vita.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na kiwanja chake, ambacho Ethiopian Airlines na baadaye Jambojet ya Kenya walikuwa wamekiunganisha na Addis Ababa na Nairobi, kikafungwa kwa ndege za abiria. Serikali ya jimbo ikahamia Beni chini ya gavana mpya wa kijeshi, Évariste Somo Kakule. Ghafla Mavivi ikawa lango la jimbo zima upande wa serikali, na maneno ya kukikarabati kiwanja yakapata wasikilizaji ambao hayakuwahi kuwapata. Kwa kuitazama historia iliyotangulia, natarajia Mavivi ipate mambo mazuri, na natarajia yafuate mahitaji ya maofisa, majenerali na wajumbe wanaotua pale. Pembeni yake kuna mradi mwingine, ule ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua mpakani tarehe 16 Juni 2021: lami ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni na kilomita 54 kutoka Beni hadi Butembo, sehemu ya kilomita 223 zilizokubaliwa kati ya nchi hizo mbili. Lami hiyo ikikamilika na usalama ukiruhusu, mfanyabiashara wa Butembo atafika Entebbe kwa basi bila kulipa Go-Pass ya kwao, na Mavivi itapoteza tena mteja pekee ambaye angeweza kuitisha hesabu zake. Kama RVA inamtaka mteja huyo, muda wake wa kumshawishi ni huu, kabla lami haijakamilika.